Pete Miguuni: Kuku Akichechemea, Rangi Zikichanganyika, Jirani Akidai ni Wake

Hapa Kajulu, juu kidogo ya mji wa Kisumu, kuku hawajui mpaka. Asubuhi unafungua banda wanatawanyika kwa jirani wa kushoto, kwa jirani wa kulia, hadi kwenye mahindi ng'ambo ya barabara, na jioni unaomba warudi wale wale. Zamani alama ilikuwa kitambaa kilichofungwa kwenye bawa, au ukucha uliokatwa, na mama mwenye kuku alimjua kila mmoja kwa sura: huyu kishingo, huyu wa madoa ya kanga, yule mweusi mwenye kilemba. Siku hizi wengi tunanunua vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, na ukichukua 20 wa kahawia wa siku moja, wakikua hata wewe mwenyewe huwatofautishi. Ndiyo maana tunavisha pete.

Mimi ni mwalimu mstaafu, kuku wangu hawazidi 40. Watu huniletea kuku kwapani wakisema, "Mwalimu, hebu tazama mguu huu." Malalamiko ni yale yale mwaka baada ya mwaka, na karibu yote yana mzizi mmoja: mguu unakua, pete haikui, na mwenye kuku ameshasahau siku aliyoivisha.

Pete tunazotumia ni za aina tatu. Kuna ya plastiki ya kujizungusha kama springi, ambayo hulegea kidogo mguu ukinenepa. Kuna ya namba inayofungwa kwa kubana. Halafu kuna kebo tai ya hadiwea, ule ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya, ambayo ni rahisi kuliko zote na ndiyo inayoumiza wengi, kwa sababu inakaza tu, hailegei.

"Anachechemea tangu nimvishe"

Hili ndilo tatizo ninaloletewa mara nyingi kuliko yote. Mshike usiku akiwa ametulia, mfunge leso mwili mzima, funika macho, na mtu wa pili ashike tochi. Angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza, pete imebana. Jaribu kuizungusha. Pete nzuri inazunguka mguuni bila kukwama na inapanda na kushuka kidogo, lakini haipiti kifundo cha juu wala haivukii vidole. Kwa kuku mzima, ncha ya kidole chako cha mwisho inapaswa kupenya kati ya pete na mguu. Isipopenya, kata leo, usingoje kesho. Tembe na pora, yaani majike na majogoo machanga, ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa mguu wa kuku hunenepa haraka katika miezi minne au mitano ya kwanza. Pete iliyokuwa imelegea akiwa na wiki nane inaweza kuwa kitanzi akifika wiki ishirini.

Mwaka nilioanza niliwafunga tembe sita kebo tai, kisha nikaenda Kitale kumuuguza dada yangu, nikakaa huko mwezi na nusu. Watoto nyumbani waliwalisha vizuri, ila hakuna aliyeangalia miguu. Niliporudi, mmoja alikuwa amesimama kando ya kisima amekunja mguu. Nilipomshika sikuiona pete. Kulikuwa na mfereji tu kuzunguka mguu, na nyama imeifunika plastiki jinsi gome la mti linavyomeza waya wa ua. Daktari wa mifugo aliitoa, lakini wayo ulikuwa umeshakufa. Tangu siku hiyo kebo tai kwangu ni ya kuku aliyemaliza kukua, basi.

Pili, kuna kitu chini ya pete. Kwa wanaoishi karibu na ziwa, upande wa Dunga na fuo nyingine, mshukiwa wa kwanza ni uzi wa wavu. Kuku wanachakura palipoanikwa omena, uzi mwembamba wa nailoni unajizungusha mguuni, na pete inauzuia usitoke. Hauonekani mpaka uoshe mguu na kuumulika kwa karibu. Nywele za kusuka na nyuzi za gunia hufanya hivyo hivyo. Kule Ahero na uwanda wote wa Kano adui ni udongo mweusi: unaganda chini ya pete, unakauka, na pete iliyokuwa na nafasi inageuka plasta. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, udongo utaachia wenyewe. Usiubandue kwa kisu.

Tatu, mkia wa kebo tai. Ukiukata kwa makasi unabaki na ncha kali, na kila hatua ncha hiyo inakwaruza mguu wa pili. Ukiona vidonda kwenye mguu usio na pete, sababu ni hiyo. Kata mkia kwa plaisi ya kukatia waya, usawa kabisa na kichwa cha kebo, kisha pitisha kidole uhisi kama kuna ukali.

Nne, magamba yameinuka. Hapa pete inasingiziwa. Kuna utitiri mdogo usioonekana kwa macho unaoingia chini ya magamba ya mguu. Magamba yanasimama, mguu unakuwa mnene na mweupe kama uliopakwa chokaa, na pete iliyotosha inaanza kubana. Dalili ya kutofautisha ni rahisi: tazama miguu yote miwili, na tazama kuku wanaolala naye kwenye kiguzo kimoja, ule mti wanaotua usiku. Kama magamba yameinuka kote, ni utitiri. Toa pete, osha mguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, kausha, kisha paka vaselini kwa wingi ili utitiri ukose hewa. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, na sugua viguzo vyao pia. Gamba lililoinuka usiling'oe. Litadondoka lenyewe jipya likiota. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari wengi wanayasifu, nami nimeona ngozi iliyochomwa nayo. Acheni jamani.

Tano, tatizo haliko penye pete kabisa. Geuza wayo. Kigaga cheusi katikati na uvimbe wa moto ni jipu la wayo, ambalo huanza na mkato mdogo au kuruka kutoka kiguzo kirefu kwenda sakafu ngumu. Na kuku mchanga aliyelala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, hawezi kusimama, huenda ana ugonjwa wa Marek, ambao hauna dawa. Chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa na siku moja. Kumkata pete hakutamsaidia huyo.

Kukata pete iliyobana lakini bado inaonekana: teleza mpini wa kijiko kidogo kati ya pete na ngozi, kisha kata juu ya kijiko. Ukikosea, plaisi itauma chuma. Safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, paka iodini, mtenge kwenye maranda safi mpaka kidonda kikauke, maana wenzake wakiona damu watamdonoa.

Simama hapa, ita daktari wa mifugo kama nyama imeshafunika pete. Kama wayo ni baridi ukiulinganisha na mwingine, au umekuwa mweusi. Kama kuna harufu. Au kama jipu la wayo limepanda hadi kwenye vidole. Usimtoboe wala kumchana mwenyewe kwa wembe. Muulize anayekuja kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na akimpa kuku dawa yoyote, muulize msile mayai na nyama yake kwa siku ngapi. Siku hizo ziandike.

"Pete zinaanguka"

Mara nyingi ni kubwa mno. Watu hununua saizi moja kwa kuku wote kwa kuwa agroveti alikuwa na pakiti moja. Pima: zungusha uzi kwenye mguu, unyooshe kwenye rula, gawanya kwa tatu. Uzi wa milimita 42 unakupa upana wa 14 hivi, kwa hiyo pete ya 16 inafaa. Mitetea wengi wa kienyeji wanaingia hapo kwenye 16. Majogoo wakubwa huhitaji 18 au 20. Kwa jogoo, hakikisha pete inakaa juu ya kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, la sivyo kipi kikikua kitaibana.

Sababu ya pili ni jua. Plastiki ya bei rahisi ikipigwa na jua la Kisumu inakuwa kavu kama ganda la yai na inavunjika ukiigusa. Ukiziona zimepauka, badilisha zote kabla hazijaanza kupotea moja moja. Ya tatu ni pete ya kujizungusha iliyovutwa sana siku ya kuvishwa, haikunji tena. Ivishe kwa kuizungusha kidogo kidogo kama unavyoingiza ufunguo kwenye pete ya funguo, usiipanue kwa nguvu.

"Wanadonoana kwenye pete"

Siku mbili za kwanza ni kawaida. Kuku wanaona rangi vizuri, pengine kuliko sisi, na kitu kipya mguuni ni cha kujaribiwa. Wasipoacha, tazama rangi: nyekundu na zinazong'aa ndizo zinazovuta midomo zaidi, kwa vile zinafanana na damu. Mimi nyekundu siinunui tena. Ikiwa wanadonoa hata baada ya kubadilisha rangi, basi pete ni kisingizio. Banda limejaa, au chakula ni kidogo, au wamefungiwa kutwa bila la kufanya. Watundikie sukuma wiki kichwa chini, wapunguze, halafu tazama tena. Aliyetoka damu mtenge saa hiyo hiyo.

"Sioni rangi, sisomi namba"

Ukienda kuwahesabu magharibi, bluu na kijani ni ndugu wa tumbo moja. Njano ikipauka inakuwa nyeupe, na chungwa inajifanya njano. Chagua rangi ambazo hata ndani ya banda lenye giza hutazikosea: kwangu ni nyeupe, bluu, njano, nyeusi na waridi. Nyeusi inapotea kwenye miguu myeusi, kwa hiyo naiweka kwa wale wenye miguu ya manjano tu.

Rangi tano zinatosha kuliko watu wanavyodhani. Pete moja tu, kulia au kushoto, inakupa alama 10. Pete moja kila mguu inakupa nyingine 25. Jumla 35, bila namba hata moja. Mwenye kuku 15 hana haja ya kununua pete za namba.

Namba zilizoandikwa kwa maka peni hufutika ndani ya wiki chache, kwa matope na umande. Namba iliyochapwa kwa kuzama ndani ya plastiki hudumu, lakini nayo inahitaji kusuguliwa kwa kidole gumba kabla ya kusomwa. Nilishawahi kuisoma 6 nikaandika 8, na mtetea asiyetaga akaponea kisu miezi miwili.

"Sijui vifaranga ni wa mama yupi"

Hapa makosa huanza siku ya kwanza. Matetea wawili wameangua wiki moja, vifaranga wanachanganyika, na baada ya siku tatu kila mmoja anajibanza kwa mama aliye karibu. Kumvisha kifaranga pete ni kujitafutia kazi: pete ya milimita sita au nane unayoanza nayo itabidi ibadilishwe kila wiki mbili hivi, na ukisahau mara moja, rudi juu kwenye kuchechemea.

Cha haraka ni rangi ya kucha. Paka ukucha mmoja: wa mama wa kwanza kulia, wa mama wa pili kushoto. Itakaa siku chache, kisha unapaka tena. Ni ya kukuvusha tu mpaka mguu ufikie pete ya kwanza ya maana.

Cha kudumu ni tundu kwenye utando kati ya vidole. Kuku ana nafasi mbili kila mguu, jumla nne, na kwa kutoboa au kutotoboa kila nafasi unapata alama 16 tofauti. Hufanywa kifaranga akiwa na siku moja, kwa kitobolea kikali kilichosafishwa kwa spiriti. Kipande kidogo cha ngozi lazima kitoke kabisa, kisipotoka tundu linajiziba na baada ya mwezi huna alama. Sindano iliyochomwa motoni si kitobolea. Kama hujawahi kuona ikifanywa, mwombe afisa wa mifugo wa wadi akuonyeshe kwa vifaranga wawili watatu kwanza. Ukikosea utakata mshipa wa kidole.

"Daftari linasema moja, kuku wanasema lingine"

Pete bila daftari ni bangili. Sababu inayoongoza hapa ni kumvisha kuku mpya pete ya aliyekufa au aliyeuzwa bila kufuta mstari wake. Ghafla kuku mmoja ana siku mbili za kuzaliwa na chanjo ya Newcastle aliyochanjwa mwenzake. Namba ya marehemu ipumzike mwaka mzima. Na pete iliyotoka kwa kuku aliyekufa kwa ugonjwa isirudi kundini kabisa. Itupe, haina bei ya kukuharibia banda.

Ya pili ni watu wawili kuandika kila mtu kivyake. Kijana wangu alikuwa akiita kulia upande wa kulia wa anayetazama. Mimi naita kulia kwa kuku. Tuligundua baada ya kuchinja mtagaji bora. Sasa ndani ya jalada la daftari nimechora kuku kwa nyuma, mshale umeandikwa KULIA KWAKE.

Utaratibu wangu ni huu: mguu wa kushoto unabeba mwaka wa kuanguliwa, rangi moja kwa kundi zima, wa kulia unabeba kuku mwenyewe. 2024 ilikuwa bluu, 2025 njano. Nikitaka kubadilisha jogoo ili asipande binti zake, natazama mguu wa kushoto tu. Na kila tarehe mosi nakagua miguu yote usiku kwa tochi, pete kwa pete, nikiandika tarehe pembeni.

Ukishuku kwamba daftari limekosea kuhusu nani anataga, muulize kuku mwenyewe. Pima kwa vidole nafasi kati ya mifupa miwili iliyo chini ya mkundu: vidole viwili au zaidi vikipita, na mkundu ni mpana na wenye unyevu, anataga. Kidole kimoja kwa shida, mkundu mkavu, hatagi kwa sasa. Kwa wenye miguu ya manjano, mtagaji mzuri huwa amepauka miguu. Usimhukumu aliye kwenye kunyonyoka manyoya au anayelalia.

Na kama unashindwa kuwahesabu kwa sababu wanakufa, wawili jana, watano leo, shingo zimepinda, kinyesi kijani: weka daftari chini. Hiyo inaweza kuwa Newcastle, kideri. Usiuze hata mmoja, usimpe shemeji, usitupe mizoga kando ya barabara. Ita afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

"Jirani anadai ni wake"

Mara nyingi si wizi. Kuku amelala kwa jirani siku tatu, pete imedondoka, rangi ni ya kahawia kama wa kwake, na yeye anaamini kwa moyo safi. Kwa hiyo kabla ya kuongea hesabu wako, soma daftari, jua ni nani hasa anayekosekana. Mara mbili nimemkuta "aliyeibiwa" amejificha kwenye matete akilalia mayai.

Ikiwa pete imekatwa, tazama mguu: mahali pete ilipokaa miezi mingi magamba huwa laini na safi kuliko juu na chini yake. Ni dalili, si ushahidi, kwani pete ya mtu mwingine ingeacha alama hiyo hiyo. Ndiyo maana pete peke yake haitoshi kwa kuku anayetembea. Weka alama ya pili asiyoijua mpita njia, na piga picha kwa simu: kichwa, ubavu, miguu yote miwili. Mambo yakichacha, usiingie boma la mtu kuchukua kuku kwa nguvu hata ukiwa na haki. Mwite mzee wa nyumba kumi, na asipoweza, naibu wa chifu.

Desemba iliyopita ilinifika mwenyewe. Tembe wangu mmoja alionekana kwa mama jirani, hana pete.

"Mwalimu, huyu nimemlea mimi tangu ni kifaranga," akasema, naye hakuwa anadanganya kwa jinsi nilivyomtazama.

"Sawa, mama. Nikuombe kitu kimoja tu. Tandaza vidole vya mguu wake wa kushoto, nami nimulike kwa chini."

Akatandaza. Mwanga wa tochi ukapita kwenye utando kati ya kidole cha kati na cha nje, tundu la mviringo, dogo kama punje ya wimbi. Akalitazama, akamgeuza kuku na kutazama mguu wa pili, kisha akaniita nisogee nimwonyeshe na kwenye daftari. Tembe nilirudi naye kwapani. Mayai manne aliyokuwa ametaga kwake nilimwachia.